Sura ya Sita: Mashine Tezini, Sheria Mezani

Mbio za boti za mashine ya tezi haziishii kwenye mstari wa kumalizia. Nchini Marekani, katika makundi ya mashine za dukani yanayosimamiwa na American Power Boat Association, boti za kwanza zikitoka majini haziendi moja kwa moja kwa jamaa wanaoshangilia. Zinaelekezwa kwenye mizani. Dereva hupimwa pamoja na boti yake, angali amevaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, kwa kuwa kila kundi lina uzito wa chini ambao hauruhusiwi kupungua. Kisha mashine hufunguliwa. Mkaguzi huchukua maikromita akapima kipenyo cha silinda. Huingiza kipimo cha chuma kwenye koo la kabureta. Kikipenya pasipostahili kupenya, koo limepanuliwa. Hudondosha kimiminika kutoka kwenye mrija wa kioo wenye alama hadi chumba cha kuchomea mafuta kijae, ajue kina ujazo gani. Hupima matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda yameanzia wapi na yameishia wapi. Hata petroli iliyobaki tangini ina kipimo chake. Hayo yote yakishapita, ndipo mshindi anapokuwa mshindi.

Mgeni akiyaona hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni urasimu uliovamia mchezo. Sura hii inashikilia kinyume chake. Meza ile ya ukaguzi ni sehemu ya mbio kama lilivyo boya la kugeuzia, kwa sababu sheria ya vifaa ndiyo inayoamua kinachoshindanishwa ni nini: mkono wa dereva, akili ya fundi, au mfuko wa tajiri. Vyote vitatu vimo katika kila boti inayoingia majini. Wanaoandika sheria wanachagua kipi kipewe nafasi na kipi kizuiwe, na wasipochagua, fedha huwachagulia.

Lebo na ujazo

Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway aliyekuwa fundi mitambo mjini Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, alianza kuuza mashine yake ya kufunga tezini mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu za farasi 1.5, ikamtosha mtu aliyechoka kupiga makasia. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo, lakini mashine yake ndiyo iliyolifanya kuwa biashara. Baada ya hapo mashine za tezi zilienea maziwani na mitoni, na penye mashine mbili kwenye maji yaleyale mbio hazikukawia. Vyombo vya kuzisimamia vilikuwapo au vilikuwa njiani: American Power Boat Association ilianzishwa mwaka 1903, na shirikisho la kimataifa, Union Internationale Motonautique, ambalo leo makao yake yako Monaco, lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1922.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: tuzigawe mashine hizi kwa kigezo gani? Jibu la haraka lingekuwa nguvu za farasi, kama zilivyoandikwa kwenye lebo. Lakini lebo huandikwa na anayeuza, na anayeuza ana sababu zake. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Carl Kiekhaefer. Mwaka 1939 alinunua kiwanda kidogo huko Cedarburg, Wisconsin, akakuta humo mashine za boti ambazo mteja alizikataa kwa ubovu. Alizitengeneza upya zikauzika, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Mercury. Mwaka 1947 kiwanda chake kilitoa mashine ya silinda mbili iliyoitwa Lightning. Lebo ilisema nguvu za farasi 10. Watu wa mbio walipoifunga kwenye boti zao waligundua upesi kwamba inatoa zaidi ya hizo, nayo ikawa inazipita mashine zenye lebo kubwa kuliko yake.

Kundi linalopangwa kwa lebo lingekuwa linashindanisha ukweli wa watengenezaji. Ndiyo maana mbio za mashine ya tezi zilishika kipimo ambacho mkaguzi anaweza kukihakiki mwenyewe: ujazo wa silinda, yaani nafasi inayofagiliwa na pistoni inapopanda na kushuka. Kundi A likawa la inchi za ujazo 15, kundi B la 20, mengine yakapanda hadi 60. Inchi za ujazo 20 ni kama sentimita za ujazo 328. Ukiwa na kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni, hesabu inafanyika kwa kalamu, na hakuna muuzaji anayeweza kuibadilisha kwa tangazo.

Hapo ndipo sheria ya vifaa ilipojifunza somo lake la kwanza: kataza au ruhusu kile tu unachoweza kukipima. Lakini ujazo ni mwanzo tu. Mashine mbili zenye ujazo uleule zinaweza kuachana kwa mbali sana, na sababu imo ndani ya silinda.

Milimita moja

Msomaji anayeishi karibu na diko la wavuvi wa Pwani au mwalo wa Ziwa Victoria anaijua mashine ya mipigo miwili kwa harufu na sauti: petroli iliyochanganywa na oili, moshi wa kibuluu, na mlio mkali asubuhi. Mashine za mbio tunazozizungumzia hapa, kwa sehemu kubwa ya historia yao, zimefanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Mashine hii haina vali za juu kama za gari. Ukuta wa silinda una matundu, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwanza chini, kwenye krenkikesi, kupitia vijibamba vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Pistoni ikishuka huubana mchanganyiko huo, ukapanda kupitia matundu ya pembeni hadi juu ya pistoni. Kabla tu ya hapo, tundu la ekzosi huwa limekwisha kufunguka ili moshi wa mlipuko uliopita utoke. Kila kitu kinategemea nani afunguke kwanza, kwa muda gani, na nani afunge mwisho.

Chukua tupa, ulipandishe tundu la ekzosi kwa milimita moja. Sasa linafunguka mapema zaidi na kufunga kwa kuchelewa zaidi. Kwenye mizunguko ya juu, ambako kila kitu hutokea kwa haraka mno, moshi umepata nafasi ya kutoka na mashine inavuta kwa nguvu mpya. Kwenye mizunguko ya chini hasara inajitokeza: mchanganyiko mbichi unatoroka kabla haujabanwa, boti inasita kuinuka juu ya maji, na dereva akitoka kwenye kona hana kitu mkononi. Fundi amebadilisha tabia nzima ya mashine kwa jioni moja, bila kununua hata skrubu, na ukiitazama kwa nje haina tofauti na ilivyotoka kiwandani.

Mengine yako hivyohivyo. Kuchonga hedi kunapunguza chumba cha kuchomea, mchanganyiko ukabanwa zaidi na mlipuko ukaongezeka nguvu, pamoja na joto linaloweza kutoboa pistoni. Kupanua koo la kabureta kunaongeza hewa. Kupunguza uzito wa gurudumu linalozunguka juu ya mashine kunaifanya ichangamke haraka. Na si juu tu. Mguu wa mashine, ile sehemu yenye gia inayozama majini, ukichongwa uwe mwembamba unapunguza ukinzani wa maji, na kwa boti inayogusa maji kidogo tu, ukinzani huo ni sehemu kubwa ya kazi yote. Mashine ikipandishwa juu zaidi kwenye tezi, propela huzunguka nusu ikiwa nje ya maji. Boti inapata kasi, lakini propela inaweza kumeza hewa kwenye kona na kupoteza mshiko wake, na tundu linalovuta maji ya kupoza linaweza kubaki hewani, mashine ikaungua.

Ukiyaelewa haya, orodha ndefu ya vipimo kwenye kitabu cha sheria haionekani tena kama ukali wa bure. Kila mstari unalinda mahali ambapo mkono wa fundi ulikwisha kupita.

Mashine za dukani

Kabla ya Vita Kuu ya Pili watengenezaji wa Marekani waliwahi kuuza mashine za mbio hasa. Evinrude ilikuwa na 4-60 yake, silinda nne zenye inchi za ujazo 60, na Johnson ilikuwa na zake. Vita vilipokwisha, mashine hizo zilikuwa kuukuu na adimu, na aliyetaka kushinda alihitaji ama kurithi moja au kumjua mtu aliyehodhi vipuri. Mchezo ulikuwa unawafungia mlango vijana. Kuelekea mwaka 1950 likaibuka wazo la makundi ya mashine za dukani: njoo na mashine iliyotengenezwa kwa wingi, ifunge kwenye boti ndogo ya mbao, shindana.

Mashine za Mercury za inchi za ujazo 20 ndizo zilizobeba mapinduzi hayo. Kiekhaefer alizitolea mguu maalumu wa mbio ulioitwa Quicksilver, usio na gia ya nyuma wala ya kusimama: mashine ikiwaka, boti inakwenda. Mifano iliyotiwa herufi H, kama Mark 20H ya miaka ya 1950, ikawa jina la kawaida kwenye mbio za mwisho wa wiki kote Marekani.

Kanuni iliyoyalinda makundi haya inasemeka kwa sentensi moja: kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Uzito wa sentensi hiyo unaonekana ukiigeuza. Kanuni ikisema kisichokatazwa kimeruhusiwa, mwandishi wa sheria analazimika kuwaza mapema kila hila ambayo fundi mwerevu atakuja kuibuni, na mafundi werevu ni wengi kuliko waandishi wa sheria. Kanuni ya kwanza inamtwika fundi mzigo wa kuonyesha ni wapi ameruhusiwa.

Hata hivyo kanuni hiyo haikuwafanya wote wawe sawa. Hakuna kiwanda kinachotengeneza vipande viwili vilivyo sawa kabisa, kwa hiyo kila kipimo kina mpaka wa chini na wa juu. Fundi makini hukisogeza kila kipande hadi kwenye ukingo ule wa ruhusa unaompa faida. Matundu yatakuwa juu kadiri inavyoruhusiwa, chumba cha kuchomea kitakuwa kidogo kadiri inavyoruhusiwa, na uzito wa boti utaishia palepale kwenye kiwango. Mashine ya aina hiyo ni halali kwa kila kipimo, na inaikimbia ya jirani iliyotolewa kwenye boksi jana. Kazi hii inastahili heshima. Anayeifanya amesoma sheria kwa undani kuliko mwingine yeyote, na ameitii. Upungufu wake ni kwamba inamfaa zaidi mwenye uwezo wa kununua vipande kadhaa ili achague kimoja. Sheria ya mashine za dukani imepunguza uwezo wa fedha bila kuufuta.

Kuna jambo jingine ambalo waanzilishi hawakuweza kulikwepa. Mashine ya dukani huacha kutengenezwa siku moja. Biashara inasonga mbele, mbio zinabaki na mashine ambayo vipuri vyake vinatafutwa kwenye mabanda ya wazee. Ndipo Wamarekani walipogeukia mashine za Yamato kutoka Japani, kama vile Yamato 80 na Yamato 102, ambazo zilipata makao katika kundi la inchi za ujazo 20. Mashine hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mchezo uliojibu swali letu kwa njia nyingine kabisa. Tutaufikia, lakini kwanza tuitazame njia ya kuacha milango wazi.

Milango ilipoachwa wazi

Sambamba na mashine za dukani, liliendelea kuwapo tawi ambalo fundi aliachiwa nafasi. Ujazo ulibaki na kikomo, lakini ndani ya ujazo huo karibu kila kitu kiliruhusiwa, pamoja na kuachana na petroli na kuchoma methanoli.

Methanoli ina faida mbili. Inapogeuka mvuke huvuta joto jingi, kwa hiyo inaipoza mashine kutoka ndani, na inavumilia kubanwa sana bila kulipuka kabla ya wakati. Gharama yake ni kwamba mashine huinywa kwa wingi zaidi kuliko petroli, na kabureta lazima zibadilishwe ili ziweze kuilisha. Oili ya kawaida ya madini haichanganyiki nayo, hivyo mafundi walitumia mafuta ya nyonyo, yaleyale ya mbarika, ambayo huyeyuka vizuri ndani ya methanoli na kushika chuma hata kikiwa cha moto sana.

Jina kubwa la tawi hili lilitoka Berlin Magharibi. Kiwanda cha familia ya König, chini ya Dieter König, kilitengeneza mashine nyepesi za mbio zilizotawala makundi ya methanoli Ulaya, kisha zikavuka bahari na kutamba Marekani. Mojawapo ilikuwa na silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na badala ya vijibamba vya kuingizia hewa ilikuwa na sahani inayozunguka, yenye mkato uliofungua njia kwa wakati uliopangwa barabara. Nguvu yake kwa ujazo wake iliwavutia hata watu wa pikipiki. Kim Newcombe, fundi na mwendeshaji kutoka New Zealand aliyefanya kazi kwa König, aliifunga kwenye pikipiki ya kundi la 500 na mwaka 1973 akashinda mbio za Yugoslavia. Alikufa Agosti mwaka huohuo baada ya ajali ya Silverstone, Uingereza, na msimu ulipokwisha jina lake lilisimama la pili duniani. Mashine iliyobuniwa kwa tezi ya boti iliwashinda watengenezaji wakubwa wa pikipiki barabarani.

Sehemu ya siri ya mashine hizi ilikuwa kwenye bomba la ekzosi. Mlipuko unapotoka hutuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Bomba likipanuka taratibu, wimbi hurudisha mvuto nyuma, ukasaidia kunyonya moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mbichi. Bomba hilohilo likisinyaa mbeleni, wimbi hurudi kama mwangwi kutoka kisimani, likasukuma ndani ule mchanganyiko uliokuwa umeanza kutoroka, sehemu ndogo tu ya sekunde kabla pistoni haijafunga tundu. Ila mwangwi huo hufika kwa wakati kwenye mizunguko fulani tu. Mafundi wa mashine ya tezi wakatengeneza mabomba yanayoteleza, ambayo dereva huyarefusha au kuyafupisha angali mbioni: marefu wakati wa kutoka kwenye kona, mafupi kwenye mnyooko.

Tawi hili limeifundisha dunia mengi, na mahali pake panaonekana vizuri zaidi kwenye kutafuta rekodi. Mwaka 1958, kwenye Lake Washington kando ya mji wa Seattle, Hubert Entrop aliendesha boti yenye mashine moja ya Mercury akavuka maili 100 kwa saa, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa mashine ya tezi. Katika rekodi, mshindani wako ni saa, na hakuna anayeonewa mwingine akiboresha alichonacho. Katika mbio za watu kumi na wawili mambo ni tofauti. Milango ikiachwa wazi, mwenye fundi bora anaanza mbele, na dereva hodari asiye na fundi anakaa nyuma akitazama maji yanayorushwa na wenzake. Anayeingia kundi hilo anapaswa kuambiwa wazi kwamba ameingia mbio za mafundi. Hilo si kosa, ilimradi lijulikane.

Ukomo ulipoondolewa

Tofauti kati ya kuacha mlango wazi na kubomoa ukuta ilionekana kwa uchungu miaka ya 1980. Mwaka 1981 mbio za juu kabisa za mashine ya tezi zilipewa muundo wa ubingwa wa dunia wa Formula 1. Wakati huo kulikuwa na njia mbili: kundi lililoitwa ON, lenye kikomo cha lita 2, na kundi la OZ, lisilo na kikomo cha ujazo. Shirika la Outboard Marine Corporation, mmiliki wa Evinrude na Johnson, lilileta katika OZ mashine ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 3.5. Mwitaliano Renato Molinari alitwaa ubingwa mwaka 1981, kisha 1983 na 1984.

Boti hizi zina mikono miwili inayoelea na sakafu katikati, na hewa inayopita chini ya sakafu hiyo huziinua. Ndiyo inayozipa kasi. Ndiyo pia inayoziua: pua ikinyanyuka kidogo kupita kiasi, hewa inaipindua boti nyuma chini juu. Nguvu iliongezeka haraka kuliko ulinzi wa dereva, aliyekuwa amekaa mbele ndani ya ganda jembamba. Mwaka 1984 Mwingereza Tom Percival alikufa katika mbio za Liège, Ubelgiji. Miaka michache baadaye kundi lisilo na kikomo lilikuwa limekwisha. Mashine za lita 2 ndizo zilizobaki, na mwaka 1990 zikarithi jina la Formula 1.

Katika kipindi hichohicho mtengenezaji wa boti Chris Hodges alisukuma mbele wazo la chumba kigumu cha kumlinda dereva, kinachobaki kizima hata boti ikivunjika vipande. Leo chumba hicho ni lazima. Dereva hufungwa mikanda ndani yake, na hafiki majini kabla hajathibitisha kwamba boti ikigeuka juu chini anaweza kujitoa akiwa amezama. Boti za kisasa za kundi hilo, kwa nguvu za farasi zipatazo 400 na uzito wa kilo zisizofika 400, hupita kilomita 200 kwa saa.

Hapa tunapaswa kutenganisha sheria za aina mbili ambazo mara nyingi huchapishwa kwenye kitabu kimoja. Sheria za usawa, kama urefu wa tundu au upana wa kabureta, zinaweza kujadiliwa na kubadilishwa kila msimu. Wakikubaliana wote, hakuna aliyedhurika. Sheria za uhai ni jambo jingine. Kamba inayomfunga dereva na swichi ya kuzimia, ili akirushwa nje mashine izime na propela isimrudie, haina mjadala. Msiba wa OZ ulitokea pale ambapo swali la usawa, lita ngapi ziruhusiwe, liliamuliwa bila kuulizwa swali la uhai, mwili wa mtu umelindwa vipi kwa kasi hiyo. Anayeruhusu nguvu anawajibika kwa kinachofuata.

Kura ya Japani

Njia ya nne ndiyo inayonivutia kuliko zote. Japani ilipitisha sheria ya mbio za boti mwaka 1951, na mbio za kwanza zikafanyika Omura, mkoa wa Nagasaki, Aprili 1952. Ni mchezo wa kamari halali, unaochezwa leo kwenye viwanja 24. Boti sita zinazunguka maboya mawili mara tatu, mita 1,800 kwa jumla. Panapokuwa na fedha za umma, shaka moja tu kuhusu mashine inatosha kuua mchezo. Kwa hiyo waliamua kwamba dereva hatamiliki mashine.

Mashine ni mali ya uwanja. Zote ni Yamato za aina moja, silinda mbili, ujazo wa karibu sentimita za ujazo 400, nguvu za farasi kama 30, na kila uwanja hupokea mpya mara moja kwa mwaka. Siku moja kabla ya mashindano madereva hufika, hukabidhi simu zao, hutengwa na watu wa nje, kisha hupiga kura. Namba inayotoka ndiyo mashine yako, na kura nyingine hukupa boti. Mashine hazilingani hata zikiwa za aina moja, na hilo halifichwi: rekodi ya kila mashine, yaani mara ngapi kwa mia imemaliza katika nafasi mbili za kwanza, huchapishwa ili mcheza kamari aione.

Kisha fundi anarudi, na fundi ni dereva mwenyewe. Ana karakana, vifaa na muda. Anaweza kubadilisha ringi, pistoni, kabureta na sehemu nyingine zilizotajwa, na kila badiliko hutangazwa kwa umma. Pembe ya mashine kwenye tezi hutangazwa pia. Lakini kazi kubwa ni propela. Dereva huiweka juu ya chuma, akaigonga kwa nyundo kidogo kidogo, akikunja ukingo wa jani moja na kunyoosha jingine, mpaka ishike maji anavyotaka yeye. Zamani kila dereva alikuwa na propela zake na alizihifadhi kama mali ya thamani. Mwaka 2012 utaratibu ulibadilishwa, propela ikawa ya uwanja na kuambatana na mashine. Uzito wa mwili nao una mpaka wa chini, kilo 52 kwa wanaume na 47 kwa wanawake, asiyeufikia akiongezewa vizito. Wanaume na wanawake hushindana pamoja.

Angalia kilichofanyika. Tofauti za mashine hazikufutwa, maana haziwezi kufutwa. Zimetolewa kwenye mfuko wa mtu, zikapewa kura na kuwekwa hadharani. Na ufundi haukuuawa. Umeachiwa njia moja nyembamba, ambayo fedha haiwezi kuipanua: muda uleule, nyundo ileile, mashine uliyopangiwa. Dereva aliyepata mashine dhaifu siku ya kura anaweza kuifikisha fainali, na umati ukajua kwa takwimu alizozisoma kwamba kazi hiyo ni yake.

Sheria iliyo njema

Njia hizi nne hazilingani, na sidhani kwamba mbio zote duniani zifuate moja. Ila zikipangwa pamoja zinaonyesha sifa ambazo sheria ya vifaa haiwezi kuzikosa.

Iwe inapimika, na kipimo kiwe cha mezani, mbele ya mshindwa na mshindi. Sheria isiyopimika humwadhibu mwaminifu peke yake, kwa kuwa yeye tu ndiye anayeitii.

Iseme wazi inashindanisha nini. Kundi la mafundi liitwe la mafundi, na kundi la madereva lilindwe dhidi ya fedha kwa bidii zote. Wanaoumia zaidi ni wale walioingia mchezo mmoja wakajikuta ndani ya mwingine.

Isimfukuze fundi. Kuna watu wanaodhani usawa kamili ungepatikana kama mashine zote zingefungwa kwa lakiri na asiruhusiwe mtu kuzigusa. Mashindano ya namna hiyo yangekata mzizi wa mchezo wenyewe, uliozaliwa mikononi mwa watu waliofungua mashine kutaka kujua kwa nini ya jirani inakwenda zaidi. Bora kumwachia kazi moja ya kweli, kama propela ile ya Japani, kuliko kumfanya ajifiche kutafuta milimita moja gizani.

Na iwe moja kwa bingwa na kwa anayeanza. Huko Marekani watoto kuanzia miaka 9 hushindana katika kundi J, wakitumia mashine iliyobanwa kwa bamba lenye tundu dogo linalopunguza hewa inayoingia. Kulipanua tundu lile ni kazi ya dakika chache kwa mzazi mwenye keekee, na ndiyo maana nalo hupimwa. Mtoto anayeshinda baada ya bamba lake kupimwa ameambiwa jambo ambalo kombe peke yake haliwezi kumwambia: kasi ile ilikuwa yake. Aliyemaliza wa pili naye ameambiwa ukweli, na ana kitu cha kufanyia kazi wiki nzima ijayo. Mkaguzi mwenye maikromita anawapa wote wawili haki hiyo, na mchezo unaomdharau mkaguzi wake hauchelewi kuwa mnada.